Masika Yasiikute Lenzi Ndani ya Begi

Lenzi nyingi za Morogoro hazipati fangasi siku ya kunyeshewa. Siku hiyo mwenye kamera hushtuka, hufuta, huanika begi, na jambo huisha salama. Fangasi huingia baadaye, katika wiki zile ambazo hakuna kazi. Na kwetu wiki hizo zinaangukia pabaya. Kwaresima hushika kati ya Februari na Aprili, na harusi za kanisani husubiri. Ramadhani nayo miaka hii imekuwa ikiangukia miezi hiyohiyo. Masika yanaanza Machi na kwenda mpaka Mei. Kwa hiyo kamera ya harusi hupumzika wakati uleule ambapo hewa ya mji imelowa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Begi limefungwa zipu, limesukumwa juu ya kabati, na linafunguliwa baada ya Pasaka, mteja wa kwanza akishatoa malipo ya awali.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye kioo cha kutunza chini ya Milima ya Uluguru: mpiga picha wa harusi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwenye kamera yake ya kwanza, mwongoza watalii mwenye darubini ya kutazamia ndege, hata mtaalamu wa maabara ya zahanati mwenye hadubini ya kusomea malaria. Vioo vyote hivyo huliwa na kitu kimoja, na huokolewa kwa njia zilezile. Nitatumia sehemu kubwa ya mwongozo kwenye kuhifadhi, kwa sababu kusafisha kuna mpaka wake na mpaka huo unafika mapema.

Kinachoota ndani ya lenzi

Mbegu za fangasi zimo hewani kila mahali, kwenye vumbi la Kihonda mjini na kwenye ukungu wa Bondwa mlimani. Zimo tayari ndani ya lenzi yako, pengine tangu ilipotoka kiwandani. Huwezi kuzizuia zisiingie. Unachoweza kuzuia ni kuota kwake.

Ili ziote zinahitaji unyevu wa hewa unaofika kama asilimia 70 na kukaa hapo kwa siku kadhaa mfululizo, joto la kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo sana. Vumbi ni chakula. Alama ya kidole ni chakula. Nyuzi za kitambaa cha begi na mvuke wa grisi ya ndani ya lenzi navyo ni chakula. Joto la Morogoro linafaa mwaka mzima, na chakula hakikosekani hata kwenye lenzi mpya. Vilivyobaki mikononi mwako ni viwili tu: unyevu na hewa iliyotulia. Begi lililofungwa na kuwekwa kabatini wakati wa masika linampa fangasi vyote viwili pamoja na giza.

Ikishaota, hutambaa juu ya kioo kwa nyuzi nyembamba zinazotawanyika, na hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza. Nyuzi hizo hutoa asidi. Asidi hula kwanza utando mwembamba wa rangi uliopakwa kiwandani ili kuzuia mwanga usirudi nyuma, kisha hula kioo chenyewe. Fangasi ya wiki chache inafutika bila alama. Ya mwaka mzima unaweza kuifuta yote na bado ukaona michoro yake imebaki kwenye kioo, na hakuna dawa ya kuirudisha. Kwenye picha matokeo yake ni weusi uliofifia, rangi zisizo na nguvu, na mwanga unaotapakaa kila unapopiga kuelekea dirishani au taa za ukumbini. Watu wengi hulaumu kamera miezi mingi kabla ya kumulika lenzi.

Kwa nini Uluguru ni mahali pagumu

Mji wa Morogoro uko kwenye mwinuko wa kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Juu yake umesimama Lupanga, mita 2,138, na kando yake Bondwa yenye minara ya mawasiliano, ambayo inazidi kidogo mita 2,100. Kusini zaidi, Kimhandu hupita mita 2,600. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi unagonga ukuta huu, unapanda, unapoa na kumwaga maji yake. Ndiyo maana miteremko ya mashariki, kule Kinole, Tegetero na Matombo, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mji wenyewe, uliojificha nyuma ya mlima, hupata chini ya nusu ya hizo. Maji yale ndiyo yanayoingia Mto Ruvu na kunyweka Dar es Salaam. Anayeishi Kinole na kamera yake, au anayekaa kule kwa wiki nzima akipiga picha za mashamba ya viungo, achukulie kila ushauri wa mwongozo huu kwa uzito mara mbili.

Kuna jambo jingine linalowashinda hata waangalifu, nalo ni kushuka mlima. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kama nyuzi 6. Umeamka usiku kwenda Bondwa kusubiri jua lichomoze, umekaa saa tatu kwenye ukungu, na lenzi imepoa mpaka nyuzi 16. Unashuka kwa bodaboda kupitia Morningside na kufika mjini saa tano asubuhi. Hewa ya mjini ina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 75. Hewa ya namna hiyo huanza kugeuka maji kwenye kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 23. Lenzi yako iko chini sana ya hapo, kwa hiyo maji yanatanda juu ya vioo, nje na ndani. Ukiichomoa kwenye bodi muda huo ili ubadilishe lenzi, umeikaribisha hewa yenye maji mpaka kwenye kioo cha nyuma.

Dawa yake ni mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, mkubwa wa kutosha bodi pamoja na lenzi. Ukiwa bado juu, kabla ya kuanza kushuka, futa kamera kwa nje, itie ndani ya mfuko, kamua hewa, funga, kisha weka ndani ya begi. Ukifika chini usiufungue. Acha saa moja, mbili kama lenzi ni kubwa, mpaka vioo vifikie joto la chumba. Maji yatatanda nje ya mfuko, na huko hayana madhara. Toa kadi ya picha kabla ya kufunga ikiwa una haraka ya kuziangalia. Fanya hivyohivyo ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi baada ya safari ya kutoka Dar es Salaam, au ukitoka kwenye ukumbi uliopozwa kwenda kupiga picha za bustanini.

Lenzi za kuvuta zina tatizo lao. Kila unapoirefusha inavuta hewa kutoka nje, na kila unapoifupisha inaitoa, na katika mvua ya Uluguru hewa hiyo huingia na maji. Kabla ya kuirudisha ndani, futa shina lake kwa kitambaa kikavu. Usidanganyike na maandishi ya kiwandani yanayosema lenzi imezibwa dhidi ya mvua. Mpira ule unazuia matone. Mvuke una njia zake.

Kuhifadhi: sanduku kavu

Njia ninayoipendekeza kwa mtu mwenye bodi moja na lenzi tatu nne ni kontena la plastiki la jikoni lenye mfuniko wa kubana na mpira unaozunguka ukingo. La lita 10 linatosha. Kabla ya kuliamini lijaribu: weka karatasi ya tishu ndani, funga, lizamishe kwenye beseni la maji kwa dakika tano. Tishu ikitoka kavu, kontena linafaa. Mengi yanayouzwa kwa bei nzuri sokoni hushindwa jaribio hili, kwa hiyo usiruke hatua hiyo.

Ndani weka kipima unyevu kidogo cha dijitali. Hivi havina bei kubwa, lakini vingi husema uongo kwa asilimia tano au hata kumi. Ujue uongo wa chako kwa chumvi. Tia vijiko viwili vya chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa ya maji au kikombe kidogo, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipimo, funga vizuri na uache usiku mzima. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hukaa kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, jua kinapunguza sita, na uziongeze kila unapokisoma.

Lengo lako ni asilimia 40 hadi 50. Usifurahie kushuka chini ya 30 kwa miezi mingi, kwa sababu ukavu mno hukausha grisi ya ndani na kuchosha mipira na gundi.

Kinachofyonza unyevu ni silika jeli. Gramu 100 hadi 200 zinatosha kontena la lita 10, ila mara ya kwanza zitajaa upesi kwa sababu zinakausha pia sponji na kamba ya kamera. Zipo za rangi ya buluu zinazogeuka waridi zikijaa, na za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani. Chukua za chungwa. Zile za buluu zina kemikali ya kobalti ambayo ni sumu, na nyumba zetu zina watoto. Vile vifuko vidogo vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu havikusaidii kitu: vilishajaa unyevu siku nyingi kabla hujavifungua.

Zikijaa zinakaushwa na kutumika tena, miaka na miaka. Kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Asiye na oveni atumie sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa lenye moto wa kufifia, nje ya nyumba, akikoroga mpaka rangi irudi. Moto mkali huziua. Hazitafyonza tena vizuri. Sufuria hiyo isirudi kupika chakula. Ziache zipoe ndani ya kopo lililofungwa, maana zikipoa hewani mwezi wa Aprili zitakuwa zimeanza kujaa kabla hujazifikisha kwenye kontena.

Begi lenyewe lisiingie kwenye kontena, wala mikoba ya ngozi inayokuja na lenzi za zamani. Ngozi na kitambaa hushika maji kwa wiki nyingi, na mara nyingi fangasi huanza hapo kabla ya kuhamia kwenye kioo. Begi ni la kusafiria tu. Nyumbani lianikwe likiwa tupu, mifuko yote wazi.

Kuhifadhi: kabati la joto

Studio yenye vifaa vingi, au maabara, inaweza kutumia njia ya zamani zaidi. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwa miaka mingi kwamba hadubini katika nchi za joto na unyevu zihifadhiwe ndani ya kabati lenye balbu inayowaka. Hesabu yake ni nzuri na inafaa kuijua. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 90, ukiipasha mpaka nyuzi 27 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka mpaka chini kidogo ya asilimia 60. Maji ni yaleyale, ila hewa ya moto ina nafasi kubwa zaidi ya kuyabeba, kwa hiyo haiyaachii juu ya kioo. Fangasi inabaki bila kinywaji.

Tengeneza kabati la mbao lenye matundu machache chini na machache juu, ili hewa iingie, ipate joto, ipande na kutoka. Balbu ikae chini kabisa, na rafu ya vifaa ianze sentimita 30 au zaidi juu yake. Rafu iwe ya wavu au ya mbao zenye nafasi. Balbu iwe ile ya zamani ya waya unaowaka, ya wati 25. Taa za LED hazifai hapa, kwa sababu ubora wake wa kutotoa joto ndio unaotuangusha. Weka kipimajoto karibu na lenzi. Ikikaribia nyuzi 40 punguza balbu au ongeza matundu, maana grisi ya lenzi hulainika na kutambaa mpaka kwenye vioo. Balbu ya wati 25 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Iwashe kuanzia Machi hadi Mei na wakati wa vuli, uizime miezi ya kiangazi. Usitie silika jeli ndani ya kabati hili. Lina matundu, kwa hiyo punje zitakuwa zinajaribu kukausha hewa ya mtaa mzima.

Kwa zahanati za milimani zinazotegemea umeme wa jua, balbu hiyo ni mzigo mkubwa, na kontena lenye silika jeli ndilo jibu. Ninasisitiza hadubini kwa sababu picha ya harusi iliyofifia ni hasara ya pesa na majuto, lakini hadubini iliyofifia ni vijidudu vya malaria visivyoonekana. Mafuta ya kutazamia yanayowekwa kwenye lenzi kubwa ya hadubini yafutwe kila jioni kwa karatasi ya lenzi. Yakibaki, ni karamu.

Makabati ya umeme ya kukausha hewa yanayouzwa tayari ni mazuri kuliko vyote hivi kwa mwenye uwezo. Yanakula umeme kidogo, na umeme ukikatika yanabaki makavu kwa muda kwa kuwa yamefungwa vizuri.

Yapo mambo ambayo hurithishwa kama ushauri na yanafaa kuachwa. Mchele hauhifadhi lenzi. Hufyonza kidogo sana na vumbi lake la wanga ni chakula kwa fangasi. Vidonge vya naftalini vya kabatini huacha mvuke unaoganda kwenye kioo. Kuiweka lenzi juani uani kwa matumaini kwamba miale itaua fangasi kuna hatari mbili: joto linalolainisha grisi, na lenzi yenyewe kukusanya jua na kuunguza kitambaa, meza, au pazia la kamera. Vioo vya ndani havifikiwi vizuri na miale hiyo hata hivyo, kwa sababu kioo cha mbele huzuia sehemu yake kubwa. Mwanga wa kivulini na upepo vinatosha.

Na njia rahisi kuliko zote haina gharama: itumie. Hata kama huna kazi, toa kila lenzi mara moja kwa wiki, ondoa vifuniko, izungushe, piga picha chache barazani. Lenzi inayotembea hupata hewa na mwanga, na macho yako huiona mapema ikianza kuugua.

Kumulika

Subiri usiku au ingia chumba chenye giza. Ondoa lenzi kwenye bodi, fungua vifuniko vyote viwili, na kama ni ya kuzungusha kwa mkono fungua tundu la mwanga mpaka mwisho. Washa tochi ya simu, ishike upande wa nyuma wa lenzi kwa pembe, nawe uchungulie kwa mbele, ukibadilisha pembe polepole huku ukiwa na kitu cheusi nyuma. Kisha geuza lenzi urudie.

Vumbi ni vidoa vilivyotengana, na kila lenzi inavyo, achana navyo. Fangasi ina matawi: nyuzi zinazoanza mahali pamoja na kutawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukungu wa mafuta ni weupe uliotanda sawasawa, unatokana na grisi, na unaondoka ukisafishwa. Ukiona rangi za upinde wa mvua au mapovu ukingoni, hiyo si fangasi bali gundi inayounganisha vioo viwili imeanza kuachia.

Jaribio hili ufanye pia unaponunua lenzi iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu wa mtaani. Usikubali kuitazama barabarani mchana peke yake. Muuzaji akikataa tochi, rudisha pesa yako mfukoni.

Ukikuta lenzi moja imeota, itenge, lakini usitupe nyingine. Mbegu zilikuwamo kote tangu zamani. Ikiwa moja imeota, maana yake ni kwamba mahali unapozihifadhi zote ni pabovu, na kuhamisha zilizobaki ni kazi ya siku hiyohiyo.

Kusafisha kioo cha nje

Fangasi ikiwa kwenye uso wa kioo cha mbele kabisa au cha nyuma kabisa, unaweza kuiondoa mwenyewe mezani. Nawa mikono. Puliza vumbi kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo. Pitisha brashi laini. Vumbi lisipoondoka kwanza, kitambaa chako kitakuwa msasa.

Anza na dawa nyepesi: alkoholi ya isopropili safi, matone mawili kwenye karatasi ya lenzi. Matone yaende kwenye karatasi, kamwe yasidondoshwe kwenye kioo, kwa sababu yatateleza mpaka ukingoni na kuingia ndani. Futa kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza, na ubadilishe karatasi kila mara. Spiriti ya buluu au ya zambarau ya dukani isitumike; ina rangi na mabaki yanayoganda.

Isipotoka, mafundi wengi wa zamani hutumia mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia ya kusafishia nyumba, kiasi sawa kwa sawa. Peroksaidi inapatikana duka la dawa. Soma lebo: ikiwa ni ya asilimia 6, ichanganye kwanza na maji yaliyokenekwa (distilled) kiasi kilekile. Changanya kidogo tu, vijiko viwili vitatu, dirisha wazi, glavu mikononi, na ukimaliza mwaga. Ukifungia kwenye chupa hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Na kwa jina la Mungu usichanganye amonia na Jik wala dawa nyingine yoyote ya kung'arishia nguo. Gesi inayotoka hapo ni sumu ya mapafu.

Lowesha karatasi ya lenzi kwa mchanganyiko huo, ilaze juu ya fangasi dakika moja au mbili, futa, kisha futa tena kwa karatasi yenye maji yaliyokenekwa, na umalizie kwa isopropili. Jaribu kwanza sehemu ndogo, hasa kwa lenzi za miaka ya 1950 kurudi nyuma, ambazo utando wake ni laini. Asetoni isikaribie kabisa. Huyeyusha plastiki na rangi. Karatasi zote zilizotumika zitupwe.

Kufungua

Hapa ninashauri kwa msimamo mkali. Lenzi ya kisasa yenye mota na nyaya bapa ndani yake usiifungue. Vioo vyake vimepangwa kwa vipimo vya sehemu za milimita, na ukivirudisha vimeinama hutapata tena picha kali upande mmoja. Mpelekee fundi kamera, na kabla ya kumwachia muulize maswali mawili: amewahi kufungua lenzi ya aina hiyo, na atakuonyesha vioo kwa tochi kabla na baada?

Lenzi za chuma za kuzungusha kwa mkono, kama Helios 44-2 ya Kisovieti au zile 50 mm za zamani za Nikon, ni jambo jingine. Zilijengwa ili zifunguliwe. Mara nyingi kundi la vioo vya nyuma na la mbele hufunguka kwa skrubu bila kugusa uzi mkubwa wa kurekebishia umbali, na huo usiuguse. Unahitaji ufunguo wa lenzi wenye ncha mbili, kipande cha mpira cha kushikia pete zisizo na matundu, na bisibisi zinazokaa vizuri kwenye skrubu za Kijapani. Bisibisi ya kawaida huziharibu vichwa.

Funga madirisha, zima feni, tandika taulo jeupe. Piga picha kwa simu kila hatua. Chora alama ya penseli ukingoni mwa kila kioo kuonyesha upande wa mbele, kwa sababu kioo kilichogeuzwa kinaingia vizuri kabisa mahali pake na kuharibu kila kitu. Vipete vyembamba vilivyo kati ya vioo virudi pale pale vilipotoka. Vioo vilivyogandishwa kwa gundi usivizamishe kwenye dawa yoyote. Dawa isifike ukingoni palipopakwa rangi nyeusi, amonia huibandua. Majani ya tundu la mwanga yasiguswe na mafuta wala vidole.

Fangasi ikiwa katikati ya vioo viwili vilivyogandishwa, acha. Kuvitenganisha na kuvigandisha upya ni kazi ya maabara, na inagharimu kuliko lenzi nyingine ya aina hiyo.

Baada ya kusafisha

Lenzi iliyosafishwa imulikwe kila wiki kwa miezi miwili, kisha kila mwezi. Ikiota tena haraka, tatizo ni hifadhi yako. Kipime upya kile kipima unyevu kwa chumvi na ulizamishe tena kontena.

Ikibaki na michoro midogo ukingoni, endelea kuitumia bila wasiwasi. Piga picha ukiwa umelipa jua mgongo, tumia kofia ya lenzi, na wateja wako hawataona tofauti. Michoro ikiwa katikati ya kioo cha nyuma, utaiona kila unapopiga kuelekea mwanga, na lenzi hiyo haifai tena kazi ya kulipwa. Wape wanafunzi wajifunzie kufungua. Ukiamua kuiuza, mmulikie mnunuzi kwa tochi yako mwenyewe, umwonyeshe fangasi ilipokuwa, na umwambie ilikaa muda gani, kabla hajatoa pesa.